Daftari la Mama Vyombo

Siku Gor Mahia ilipokutana na AFC Leopards, shangazi yangu aliuza vyombo kuliko siku nyingine yoyote. Mpira wenyewe hakuujua. Ratiba ya ligi aliikata kwenye Taifa Leo kwa mkasi na kuibandika nyuma ya mlango wa jikoni, chini ya kalenda ya kanisa, kwa sababu mechi hiyo ilihamisha wanaume wa mtaa mzima tangu saa saba mchana. Wapenzi wa K'Ogalo, yaani Gor, na wapenzi wa Ingwe, yaani Leopards, wote walielekea City Stadium pale Jogoo Road, au Nyayo, na waliokosa nauli au kiingilio walijazana baa wakisikiliza redio. Mume akishatoka, mkewe hupata nafasi ya kuifikiria sufuria bila kuulizwa ya nini na nyingine zipo.

Watu walimwita Mama Vyombo. Jumatatu hadi Ijumaa alikuwa karani katika ofisi moja ya serikali mjini. Jumamosi alikuwa mfanyabiashara asiye na duka wala kibanda, ambaye kanjo, askari wa jiji, hawakumjua. Aliuzia ndani ya sebule za watu. Mwenye nyumba aliwaalika rafiki zake, chai ikachemshwa, vyombo vikapangwa mezani, na faili la picha likazungushwa kutoka mkono hadi mkono. Mimi nilikuwa mbeba mizigo na mshika daftari. Nilifika Nairobi mwanzoni mwa 1986 kwa treni ya usiku kutoka Voi, kidato cha nne nimemaliza na kazi sina, nikaishi kwake Buruburu mpaka nilipoolewa. Kwa hiyo ninayoyasimulia hapa mengi niliyaona, na mengine niliyaandika mwenyewe kwa kalamu ya wino wa buluu, kwa sababu shangazi hakupenda deni liandikwe kwa penseli.

Biashara ile isingeota popote pale. Buruburu ilijengwa kwa awamu tano kuanzia miaka ya mwanzo ya 1970, kwa fedha za shirika la Uingereza lililoitwa Commonwealth Development Corporation, na nyumba zake za vigae vyekundu zikauzwa kwa mkopo wa miaka mingi. Walionunua ni watu wa mshahara: walimu, makarani, wauguzi, watu wa benki na wa mashirika. Wengi walikuwa wametoka kwenye chumba kimoja au viwili vya nyumba za Halmashauri ya Jiji, na ghafla wana sebule, ngazi, jikoni lenye milango yake, na kabati la ukutani lenye vioo ambalo kila mgeni analitazama akiingia. Kabati lile lilitaka kujazwa. Lakini mkopo wa nyumba ulikatwa kabla mshahara haujafika mkononi, karo ikafuata, na kufika tarehe kumi nyumba nzima inahesabu sarafu. Basi hapo palikuwa na watu wenye hamu, wenye kipato cha uhakika, na wasio na pesa taslimu. Maduka ya mjini yaliwaona kama wasiojiweza. Shangazi aliona wateja.

Faili nilitaje kidogo, maana ndilo lililowavuta watu kabla hata ya vyombo. Wakati ule bidhaa za nje ziliingia nchini kwa leseni, na fedha za kigeni ziligawiwa na Benki Kuu. Kukaa na dola mfukoni bila idhini kulikuwa kosa la kukupeleka mahakamani. Vitu vizuri vilionekana zaidi kwenye picha kuliko dukani. Watu wenye ndugu Uingereza, au jirani anayefanya kazi kwenye ndege, walipata katalogi nene za Freemans na Grattan, zile ambazo Waingereza waliagizia nguo na samani kwa posta. Zikishapitwa na wakati London, zilianza maisha mapya Eastlands, mitaa yetu ya mashariki mwa Nairobi. Shangazi alizinunua, akazikata kurasa, akaondoa makoti ya baridi na mabuti ya theluji, akabakiza mashuka, mapazia, gauni za watoto, seti za sahani, akazibandika katika faili la ofisini lenye vyuma viwili. Kando ya kila picha aliandika bei, na hiyo ndiyo ilikuwa ya penseli. Bidhaa ya pichani hakuwa nayo na hakuna aliyedhani anayo. Gauni lilishonwa na mafundi wa soko la Jericho, ambao waliitazama picha mara moja na kulitoa gauni lenyewe bila kupunguza hata kifungo. Mashuka yalitafutwa Biashara Street yanayokaribiana rangi. Vyombo vilitoka kwa wauzaji wa jumla wa River Road na Kamukunji, na vile vya kifahari kwa mama mmoja aliyesafiri Dubai na kurudi na masanduku mazito kuliko aliyoondoka nayo.

Sasa, kuuza. Wengi waliomwiga shangazi walidhani siri yake ni mdomo. Kweli alikuwa na mdomo, lakini sebuleni alizungumza kidogo kuliko watu wote. Kazi yake kubwa aliifanya wiki mbili kabla, alipokuwa akimchagua mwenyeji.

Hakumchagua mwenye nyumba nzuri. Kwa mwenye nyumba nzuri watu huja kutazama mapazia na kurudi nyumbani na unyonge. Hakumchagua pia mchekeshaji wa mtaa, kwani kwake watu hucheka mpaka jioni na hakuna anayefungua pochi. Alimtafuta mwanamke ambaye wengine wana haya naye: mweka hazina wa chama, mama aliyesimamia michango ya mazishi bila senti kupotea, muuguzi aliyeamshwa usiku mtoto wa jirani alipopandwa na homa. Mwaliko wa mtu kama huyo haukataliwi kirahisi, na jambo la maana zaidi, deni lililoandikwa nyumbani kwake halikimbiwi kirahisi.

Vyama vilikuwa vimejaa Eastlands kabla ya shangazi kuanza kuuza hata kijiko. Wanawake kumi au kumi na wawili wanachanga kila mwezi, na mchango wote anachukua mmoja kwa zamu. Muuzaji mwenye pupa angekwenda siku ya chama yenyewe, wanachama wamekusanyika na fedha zimo mikononi. Shangazi alikataa katakata. Alisema mwanamke akila mchango wa chama kwa ajili ya hotpoti, chama kitavunjika, na kikivunjika umepoteza wateja kumi kwa faida ya chombo kimoja. Yeye alikwenda wiki iliyofuata, nyumbani kwa yule aliyepokea zamu. Huyo ana fedha, ana furaha, na ana deni la wema kwa waliomchangia. Akinunua wa kwanza mbele ya wote, wengine wanalegea.

Wageni hawakuzidi viti. Mtu aliyesimama mlangoni, au aliyekalia kigoda cha jikoni, kiuno kinamuuma na anawaza kwenda nyumbani. Saa ilikuwa tisa alasiri, nguo zimeshafuliwa na kuanikwa, chakula cha jioni bado. Na ilikuwa lazima daftari lifungwe kabla televisheni haijawashwa. Kipindi cha vichekesho cha Vitimbi kikianza, hata Mama Vyombo alikuwa hana neno mbele ya nyota wake, Mzee Ojwang.

Chakula kilikuwa chai ya maziwa na chapati, basi. Niliwahi kumuona akibishana na mwenyeji mmoja wa mtaa wa Uhuru aliyekuwa amenunua kuku wawili.

"Mama, hawa kuku ni wa nini?"

"Wageni, Mama Vyombo. Nisije nikaonekana mchoyo."

"Ukipika kuku leo, wa mwezi ujao atapika mbuzi, na wa tatu atakataa kualika. Warudishe bandani."

Kuku walirudishwa bandani. Lakini chapati zilikuwa na kazi yao. Mwenyeji alizipika saa sita adhuhuri, shangazi akazipanga ndani ya hotpoti kubwa aliyoituma mapema, akafunika, na kuionya nyumba nzima isiiguse. Hotpoti hiyo iliwekwa katikati ya meza, na kwa saa nzima hakuitaja. Alizungumzia vichujio vya chai. Wageni waliponyweshwa chai ndipo mfuniko ulipofunguliwa, saa kumi na robo, na mvuke ukapanda mpaka kwenye miwani ya mama aliyeinama kuangalia. Hakuna aliyeelezwa lolote kuhusu kuhifadhi joto. Kila mmoja alikuwa na mume anayerudi saa asizozijua mtu na kutaka chakula cha moto, na kila mmoja alipiga hesabu ya mafuta ya taa au gesi anayochoma kupasha chakula mara ya pili. Mimi nilikuwa nimeshafungua ukurasa mpya.

Vichujio navyo havikuwa mzaha. Chombo cha kwanza kuuzwa kilikuwa lazima kiwe cha bei ambayo hakuna aliyepo anayeishindwa: kichujio, kisu kidogo, vijiko sita, kopo la sukari la plastiki. Shangazi alisema mgeni asiyenunua kitu huona haya, na mwenye haya harudi. Akishanunua kichujio ametoka katika kundi la watazamaji. Mwezi ujao atakuja bila kuogopa, na pengine atauliza kuhusu sahani.

Mwenyeji wa mwezi ujao alipatikana kabla ya watu kuvaa viatu. Shangazi hakuuliza "nani atatualika?" kwa sababu swali hilo hujibiwa na kimya. Alikuwa ameshamchagua kwa macho, akamfuata jikoni alikokwenda kuosha kikombe, na wakarudi wote wawili wakiwa na tarehe.

Hayo yote ni ya siku moja, na kwa maoni yangu hayakufika nusu ya biashara. Nusu kubwa ilikuwa kulipwa. Katika kila shilingi mia ya mtaji shangazi aliongeza arobaini. Thelathini zilikuwa zake, kumi ziliwekwa kando kwa zawadi ya mwenyeji. Mnunuzi alitoa theluthi siku ile, na theluthi mbili kwa miisho ya miezi miwili iliyofuata. Zawadi ilikuwa chombo ambacho mwenyeji mwenyewe alikionyesha kwenye faili, na jina lake likaandikwa juu yake kwa kipande cha plasta. Kila mtu alikiona. Lakini hakukipata siku ya mauzo. Alikipata siku ambayo deni la mwisho la sebule yake lilifutwa kwenye daftari.

Hilo ndilo lililomtenganisha shangazi na wote waliojaribu kazi ile wakaanguka. Wao walimpa mwenyeji zawadi palepale kwa furaha ya kuuza sana, kisha wakaanza kuzunguka mlango kwa mlango wakidai. Shangazi hakudai. Mwisho wa mwezi mwenyeji ndiye aliyepita kwa rafiki zake, kwa upole, kwa utani, akisema seti yake ya sahani inalala kwa Mama Vyombo kwa sababu ya shilingi themanini za fulani. Mwanamke anayeweza kumkwepa muuzaji kwa miezi sita hawezi kumkwepa jirani anayegawana naye ukuta na kamba ya kuanikia nguo. Nilizijaza kurasa nyingi za daftari lile, na madeni yaliyopotea kabisa hayakufika kujaza ukurasa mmoja. Mmoja aliyehama usiku kutoka Umoja aliacha deni la thamosi mbili, na chama chake kikalilipa kabla hata hatujauliza, kwa kuona aibu kwa niaba yake.

Kila mtaa ulikuwa na ununuzi wake. Buruburu walipenda vitu vya kabatini: sahani nyeupe zenye maua, glasi zenye miguu, vitu ambavyo huoshwa vumbi na kurudishwa. Jericho na Maringo, kwenye nyumba za Halmashauri ambazo sebule ndiyo chumba cha kulala, hawakuwa na nafasi ya pambo. Walitaka sufuria zinazoingiana, beseni, ndoo yenye mfuniko. Huko tulikaa nje mara nyingi, viti vya majirani watatu vikikusanywa barazani, na faili likapita hata kwa wasioalikwa. Makongeni ilikuwa mtaa wa reli. Wanaume wote walilipwa na mwajiri mmoja, kwa hiyo siku ya mshahara ilikuwa moja, na mtu hakuwa na kisingizio kwamba kwake bado. Wengi wa Makongeni na Kaloleni walikuwa na kwao Nyanza na Magharibi, na Novemba walianza kununua vya kupeleka ushago Krismasi. Hapo ziliuzwa sufuria ambazo hakuna jiko la Nairobi lingezibeba. Sufuria la kupikia ukumbi mzima, limefungwa kamba juu ya basi pale kituo cha mabasi kilichoitwa Machakos Airport, lilikuwa ndiyo barua ya kumwambia baba mkwe kwamba mji umemkubali mtoto wake. Shangazi aliagiza hizo kuanzia Septemba, bei ikiwa bado haijapanda.

Jumamosi moja siwezi kuiacha. Tarehe 7 Julai 1990 iliangukia Jumamosi ya kwanza baada ya mshahara, na mwenyeji wa Jericho alikuwa amepanga tangu Juni. Wanasiasa Kenneth Matiba na Charles Rubia walikuwa wamewekwa kizuizini Jumatano ile, na mkutano wao wa kudai vyama vingi uliotarajiwa Kamukunji ulikuwa umepigwa marufuku. Shangazi alisema Kamukunji ni mbali, na mkutano haupo tena. Tukaenda. Mchana matatu za Jogoo Road zilikuwa zinapiga honi bila kukoma, vijana wakining'inia milangoni wakionyesha vidole viwili, alama ya vyama vingi. Wageni walifika, baadhi kutoka Buruburu na Uhuru. Chai ikamiminwa. Halafu honi zikanyamaza, tukasikia watu wanakimbia barazani, na moshi wa vitoza machozi ukaingia kwa chini ya mlango. Mwenyeji alilowesha taulo na kuzisukuma pale chini. Watoto walilazwa sakafuni nyuma ya kochi.

Matatu hazikurudi. Wanawake walikwama pale hadi usiku, na kwa kukosa la kufanya walilipitia faili mwanzo hadi mwisho, kisha mwisho hadi mwanzo. Mmoja akasema anataka seti ya sahani. Mwingine naye akasema anaitaka. Sijui ilikuwa hofu au ni kule kutaka kuongea jambo la kawaida. Nikafungua kofia ya kalamu.

"Funga hilo daftari, mwanangu," shangazi akasema.

"Shangazi, wanataka wenyewe."

"Leo wanataka chochote. Funga."

Tulilala pale, wengine wameegemeana kwenye kochi, na chapati zote za maonyesho zililiwa. Asubuhi tulirudi Buruburu kwa miguu, hotpoti vichwani. Fujo zilidumu siku kadhaa baada ya hapo. Wale waliotaka sahani usiku ule, mwezi uliofuata hawakuzitaja, na shangazi hakuwakumbusha.

Miaka mingi baadaye nilisoma habari za Brownie Wise, Mmarekani aliyekuwa akilea mwanawe peke yake na ambaye aliifanya Tupperware ijulikane. Vyombo vya plastiki vya Earl Tupper vilikuwa vimelala madukani kwa sababu wanunuzi hawakujua namna ya kubana mfuniko hewa itoke. Ilitakiwa mtu aonyeshe. Mwaka 1951 kampuni iliviondoa madukani ikamkabidhi Wise mauzo ya sebuleni, na mwaka 1954 akawa mwanamke wa kwanza kutokea kwenye jalada la jarida la Business Week. Mwaka 1958 alifukuzwa. Shangazi hakuwahi kulisikia jina hilo. Nilichokiona katika hadithi ya Wise ni kwamba kule Marekani kampuni ilikuja kwanza, ndipo wanawake wakakusanywa kwa ajili ya bidhaa. Eastlands wanawake walikuwa wamekusanyika tayari, kwa ajili ya mazishi, karo na paa la nyumba ya mama mzazi, na bidhaa ikaomba nafasi kwenye kochi.

Nafasi hiyo ilikuwa na upande mchungu. Wapo walionunua kwa kumwogopa mwenyeji, si kwa kuhitaji. Nilimjua mama mmoja aliyekuwa na thamosi nne na bado akanunua ya tano, kwa sababu mwenyeji alikuwa msimamizi wake kazini. Wapo waliopishana njia na shangazi kanisani mwezi mzima kwa deni la kisu. Nilimwambia hivyo siku moja, akanijibu kwamba hata duka la Mhindi lina watu wanaolizunguka. Sikukubaliana naye, na bado sikubaliani. Duka halikujui kwa jina, wala halimjui mama mkwe wako.

Mwisho ulikuja kwa njia ya Eastleigh. Serikali ya Siad Barre ilipoanguka Mogadishu Januari 1991, wafanyabiashara wengi wa Kisomali walikimbilia Nairobi, na huko Eastleigh, katika nyumba ya wageni iliyoitwa Garissa Lodge, vyumba vya kulala vikageuka maduka: usiku kitanda, mchana bidhaa juu ya kitanda hicho hicho. Mwanzoni shangazi alifurahi. Alipata mashuka na vyombo kwa bei ambayo River Road haikuijua, na mwaka wa 1992 nadhani ndio aliouza zaidi. Lakini wateja nao walikuwa na miguu. Ukipanda matatu namba 6 au 9 unafika pale pale anaponunua Mama Vyombo, na unamkuta muuzaji anayekubali kupatana.

Kisha 1993. Leseni za kuagiza bidhaa ziliondolewa, bidhaa na mitumba vikamwagika, na wakati huo huo shilingi ikaporomoka. Dola iliyokuwa chini ya shilingi 40 mwishoni mwa 1992 ilipita 60 mwaka uliofuata. Bei za penseli kwenye faili zilifutwa na kuandikwa upya mara nyingi mpaka kifutio kikatoboa ukurasa wa mapazia, na shangazi akabandika karatasi nyuma yake. Kuuza kwa awamu tatu kulikuwa kunamla. Theluthi ya mwisho ikilipwa, mtaji wa chombo kile ulikuwa umeshapanda kupita bei aliyouzia. Alijaribu awamu mbili. Alijaribu taslimu, na sebule zikawa nusu tupu. Mwaka huo huo serikali ilianza mpango wa kupunguza watumishi wake, na makarani wa Buruburu, ambao mishahara yao ndiyo iliyokuwa dhamana ya daftari letu, wakaanza kurudi nyumbani na bahasha. Mwenyeji gani atamdai jirani ambaye mumewe amepunguzwa kazi? Walikataa, na shangazi akasema wana haki. Madeni yaliyobaki aliyafuta mwenyewe, kalamu yangu ikiwa mkononi mwake, na zawadi zilizokuwa na plasta za majina alizipeleka kwa wenyewe ingawa hesabu zao hazikutimia.

Baadaye zilikuja katalogi zenyewe, za kweli, zikiwa na namba za bidhaa na karatasi za kunukia manukato. Oriflame ya Uswidi ilipoingia Nairobi, mabinti wa Donholm na Umoja walitembea na vitabu vidogo vinavyong'aa kwenye mikoba. Binti yangu alikuwa mmoja wao. M-Pesa, iliyoanza mwaka 2007, ilikuwa imeondoa visingizio vya "sina chenji" na "nilipita hukuwepo". Siku hizi binti yangu anauza vyombo na vipodozi kwenye kikundi cha WhatsApp chenye wanachama wengi kuliko sebule zote za shangazi zikijumlishwa, na kila mwisho wa mwezi ananililia kwamba watu wanatazama, wanaweka moyo mwekundu, wanachukua, halafu hawalipi.

Nimekitazama kikundi chake. Hakina mwenyeji. Wote ni wageni wake yeye, na yeye ndiye muuzaji, mdai na adui. Nimemwambia akivunje kiwe vikundi vidogo, kila kimoja kiwe na mama mmoja ambaye wenzake wana haya naye, na mama huyo aahidiwe chombo anachokitaka, kionekane na wote, kiwe na jina lake. Nanyi mnaouza kama yeye, Eastlands au kwingineko, jaribuni hilo: mwenyeji muonyesheni zawadi yake siku ya kwanza, na mkabidhini siku ambayo deni la mwisho limelipwa.